Kadija Kati ya Kompyuta Mbili

Brendah aliziweka kompyuta mbili za kupakata juu ya kaunta, moja kubwa ya kijivu, nyingine ndogo nyeusi, akazifungua zote, akarudi nyuma hatua moja.

“Bei zake zinakaribiana,” alisema, “kwa hiyo msiangalie bei. Angalieni kazi.”

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, mwezi wa Machi mwaka 1998, katika duka dogo la Mbale ambalo Brendah alikuwa amelifungua baada ya kurudi kutoka Nairobi. Huko alikaa miaka minane akitengeneza kompyuta za maofisini, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

Waliosimama mbele yake walikuwa wawili. Mmoja ni Semei, Mmasaba wa mlima Wanale, mkuu wa mradi mdogo wa afya uliokuwa na vyumba vitatu vya kupanga pale mtaa wa Malukhu. Mwingine ni Kadija binti Mutwalibu, mwenye umri wa miaka thelathini na mitatu, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika ripoti za mradi na kutengeneza kaseti.

Kaseti hizo ndizo zilizomfikisha pale. Mradi ulikuwa unawafundisha askari jeshi, polisi na askari magereza, pamoja na wake zao, habari za kifua kikuu, Ukimwi, maji safi na uzazi. Watu hao walitoka kila upande wa kaskazini na mashariki, kila mmoja na lugha ya kwao, na kambini lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili. Semei alitafuta mtu wa kukisema vizuri akakosa. Wengi wa Mbale na Jinja walikisema kwa kukipapasa, tena kwa kukichukia, maana walikisikia kwanza midomoni mwa watu wenye bunduki. Kadija alikuwa Mnubi wa Walukuba, Jinja. Babu yake aliletwa na jeshi la Waingereza, baba yake alikuwa karani wa jeshi, na Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani sawasawa na Kinubi.

Lugha hiyohiyo ndiyo iliyowatesa. Mwaka 1979, serikali ya kijeshi ilipoanguka na kila Mnubi akahesabiwa mtu wake, baba yake alichukuliwa akafungwa miaka miwili bila kuambiwa kosa. Kadija alikuwa na miaka kumi na minne. Mama yake alimkataza kufungua mdomo sokoni. Alinunua nyanya kwa kunyoosha kidole. Kwa hiyo siku Semei alipomwambia, mwaka 1995, kwamba anataka sauti yake, Kadija alidhani amesikia vibaya.

Miaka mitatu alikuwa ameitengeneza sauti hiyo kwa redio kaseti mbili zilizounganishwa kwa waya. Moja inacheza, nyingine inanasa. Unabonyeza, unasimamisha, unarudisha nyuma. Kila alipokata, kaseti ilipiga mlio kama kidole kinachovunjwa. Akikosea dakika ya ishirini na tano, anaanza tena dakika ya kwanza. Sasa wafadhili walikuwa wamekubali kompyuta moja, ya ripoti na ya kaseti pia, na Semei alikuwa amesema wazi: atakayeitumia ndiye atakayechagua.

Brendah alichomeka waya kutoka redio kaseti hadi kwenye ile kubwa, akacheza kipindi cha wiki iliyopita. Kwenye kioo ukajichora mstari mweusi wenye vilima na mabonde.

“Hii ndiyo sauti yako,” alisema. “Umeona hapa palipochongoka? Umekohoa.”

Akamwonyesha namna ya kukivuta kivuli juu ya kile kikohozi na kukifuta. Kadija akabonyeza. Wakasikiliza. Sentensi ilipita moja kwa moja, bila mlio, kana kwamba hakuwahi kukohoa maishani. Alicheka kwa sauti kabla hajajizuia, akaomba kufanya tena. Akafuta pumzi. Akalitoa neno mwisho akalitia mwanzo. Alikuwa amesahau kwamba kuna watu.

Ile ndogo haikuwa na tundu la kuingiza waya wa sauti. Ilikuwa na kipaza sauti kidogo kama tundu la sindano, chini ya kioo, kinachonasa kila kilichomo chumbani. Ilipoambiwa ifute kikohozi ilifikiri muda mrefu, na nafasi yake ya kuhifadhi ingejaa kwa vipindi viwili tu. Kwa kuandika ripoti ilitosha sana. Na ilikuwa nyepesi, na betri yake ilikaa saa tatu.

“Hii kubwa nayo?” Semei aliuliza.

“Hii ni ya mezani, nisiwadanganye. Imetumika. Ukiichomoa ukutani, baada ya nusu saa imezimika. Na ukiibeba barabarani kila wiki, itavunjika.”

Semei alimgeukia Kadija. Kiswahili chake alikuwa amekijifunza kwenye vizuizi vya barabarani, lakini alikitumia kwake kwa heshima, kwa kuwa alijua ndicho anachokipenda.

“Madamu, mimi nafikiria wewe. Wewe iko na mzee mgonjwa. Chukua hii ndogo. Utakaa kule Jinja na yeye, utafanya kazi kwa nyumba, unakuja hapa mara moja kwa mwezi tu, unaleta kaseti. Sauti haitakuwa mzuri sana, lakini watu watasikia. Mimi nakubali.”

Yalikuwa maneno ya huruma. Kadija alijibu, “Asante, bwana,” lakini mkono wake ulibaki juu ya ile kubwa.

Brendah alimruhusu aondoke na ile ndogo akaijaribu kwa siku chache. Semei akatia sahihi. Jibu lilitakiwa Jumatatu, barua ya wafadhili iondoke.

*

Nyumba ya Mzee Mutwalibu ilikuwa moja ya zile zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, vyumba viwili na uwanja wa kushiriki. Mzee alilala chumba cha mbele, kitanda kikitazama mlango. Mwaka 1995, miezi michache baada ya Kadija kuanza kazi, alipooza upande wote wa kulia. Mdomo ulipinda kidogo, lakini sauti haikupungua. Aliita kama anayeita gwaride.

Kadija alikuwa amerudi kwa baba yake miaka miwili kabla ya hapo. Aliolewa Iganga, akakaa miaka sita bila mtoto, akaachwa. Kwa hiyo mzee alipoanguka hapakuwa na kikao. Wahab, kaka yake mkubwa, fundi wa magari aliyeishi upande wa pili wa Walukuba, alikuwa na watoto watano. Kadija hakuwa na mtu. Wote walichukulia kwamba aliyekuwa hana mtu ndiye mwenye nafasi.

Si kwamba Wahab alikaa tu. Kila alfajiri kabla ya gereji alikuja kumwogesha mzee, maana hiyo ni kazi ya mwanamume. Na Jumanne mpaka Alhamisi, Kadija akiwa Mbale, mke wake Hawa alikuja kulisha, kufua mashuka na kutukanwa. Mzee hakumpenda Hawa. Alisema uji wake una mavumbi.

Siku nyingine nne zilikuwa za Kadija, usiku na mchana.

Wahab alipoiona kompyuta juu ya meza Ijumaa baada ya swala, alizunguka meza nzima akiitazama bila kuigusa.

“Kwa hiyo kazi yote inaingia humu?”

“Kazi nyingi.”

“Na Mbale?”

“Mara moja kwa mwezi, kama nikichagua hii.”

“Kama?” Wahab alicheka. “Dada, hapa kuna ‘kama’ gani? Mungu amekuletea ofisi kitandani kwa Baba. Mshahara wako uleule, na hutalala tena kwenye vyumba vya watu. Unajua watu wanavyosema? Mwanamke aliyeachika, siku tatu kila wiki, mji mwingine.”

“Watu gani?”

“Watu.” Akavuta kiti, akaketi, akapunguza sauti. “Na Hawa amechoka, Kadija. Sikwambii kwa ubaya. Ana nafasi ya kuuza vitenge pale soko kuu, dada yake anamngoja. Nitamwambia leo aanze wiki ijayo.”

“Usimwambie bado.”

“Kwa nini?”

Kadija alitazama kitanda cha baba yake. Angesema nini? Kwamba Jumanne asubuhi, gari la Mbale linapovuka Iganga, mabega yake yanashuka yenyewe? Kwamba kule Malukhu ana chumba cha futi nane, godoro na sufuria moja, na jioni anakaa kizingitini akitazama mawingu yakikaa juu ya Wanale, na hakuna anayeita jina lake? Hiyo haikuwa sababu. Ukiitamka ilisikika kama dhambi.

Wahab alimwambia mkewe jioni ileile. Jumamosi Hawa alipita kuchukua ndoo zake. Alimshika Kadija mkono kwa mikono miwili, macho yakimwangaza, akasema, “Ahsante, wifi. Hujui ulivyoniokoa.”

Baada ya hapo Kadija aliketi jikoni muda mrefu na kitunguu mkononi.

*

Jumapili alijaribu kufanya kazi. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, lakini betri ilikuwa imejaa, kama Brendah alivyosema. Aliweka kompyuta kwenye chumba cha nyuma, akafunga mlango, akaziba dirisha kwa blanketi ili kuzuia kelele za uwanjani, akaanza kusoma kipindi kuhusu dawa za kifua kikuu. Aliiacha inase tu, bila kuisimamisha, akitaka kuona itafika wapi.

“Ndugu yangu, ukianza dawa hizi usiziache, hata ukijisikia umepona…”

“Kadija!”

Akaenda. Mzee alitaka maji. Akarudi.

“…hata ukijisikia umepona. Wadudu hawa wana…”

“Kadija! Nani amefunga mlango?”

Akaenda. Akarudi. Mara ya tatu ilikuwa nzi. Mara ya nne mto umeteleza. Mara ya tano mzee hakuwa na haja ya chochote; alitaka kujua alipo.

Kitu kizima kilichukua karibu saa moja. Alipomaliza alikaa aone kama kuna kinachofaa. Kioo kilionyesha mstari uleule wa vilima na mabonde, lakini hapa vilima virefu kuliko vyote vilikuwa mwito wa baba yake uliopenya mlango. Alihesabu. Vilikuwa kumi na moja. Na baada ya kila kimoja kulikuwa na kijilima kidogo, cha chini, kilichofanana kila mara. Hakukumbuka kusema chochote pale. Akabonyeza asikie.

“Naam, Baba.”

Alirudia kusikiliza. Ilikuwa sauti nyembamba, ya haraka, iliyojaa samahani, sauti ya mtoto aliyekutwa na kosa. Alikuwa ameizoea sauti yake nyingine, ile ya kaseti, ambayo askari wa Jinja waliiita “ya Mama Daktari”, wakidhani ni ya mwanamke mnene mwenye madaraka. Hakuwahi kuisikia hii. Akaenda kwenye kijilima cha mwisho, akakuta ni ileile. Akaanza kuvifuta vyote kumi na moja, kimoja kimoja, kompyuta ikifikiri polepole kila mara, na alipofika cha saba mzee aliita tena. Kadija akajisikia akijibu, “Naam, Baba.”

Jioni alimlisha. Mzee alikula upande wa kushoto wa mdomo, macho kwenye ile kompyuta ambayo Kadija alikuwa ameirudisha chumba cha mbele.

“Hicho ndicho kitu anachosema Wahab?”

“Ndiyo, Baba. Zipo mbili. Hii, na nyingine kubwa inayokaa Mbale. Ile kubwa ni bora kwa kazi yangu. Bora sana.” Alisita. “Nikichukua ile, nitakuwa nakaa huko siku nne, si tatu. Mkuu wetu anasema kazi inaongezeka.”

Alingoja. Ndani yake kulikuwa na mahali padogo palipotumaini. Huyu alikuwa mtu aliyekaa nyuma ya ukuta wa gereza miaka miwili. Angejua.

“Chukua hii,” Mzee Mutwalibu alisema. “Mimi nimechoka na mke wa Wahab. Nataka wewe.”

“Baba…”

“Nilipokuwa kule ndani,” alisema, naye hakuwa mtu wa kulitaja jambo hilo, “nilijiambia, nikitoka, sitalala tena mahali ambapo naita na mtu wangu haji.”

Akafungua mdomo, akingoja kijiko.

Kadija akampa. Hiyo ilikuwa sababu ya kweli, kubwa kuliko ya kwake.

*

Jumatatu alifika dukani kwa Brendah kabla ya Semei. Alikuwa ameibeba ile ndogo kifuani njia nzima. Aliiweka juu ya kaunta, akasema ni nzuri, haina shida. Brendah akaanza kuandika stakabadhi yake.

“Hapana,” Kadija alisema. “Kubwa.”

Baadaye, kila alipoulizwa, alisema hakuwa ameamua njiani. Alikuwa amefika na nia ya kuchukua ndogo, na maneno tayari mdomoni.

Semei alipofika alishangaa. “Madamu, na mzee je?”

“Nitaona, bwana.”

“Hii haitatoka kwa ofisi. Wewe inajua?”

“Najua.”

“Siku nne.”

“Nne. Niandikie nne.”

Jioni ile alimpigia Wahab simu gerejini, ili asimtazame usoni. Alimweleza alichochagua.

“Umechagua mashine,” Wahab alisema, “ukamwacha Baba.”

“Sijamwacha. Nitakuja kila Ijumaa mpaka Jumatatu.”

“Na Hawa? Ameshachukua bidhaa kwa watu. Nimrudishe nyumbani nimwambie nini? Mwambie wewe. Njoo umwambie wewe mwenyewe.”

Alikwenda, akamwambia. Hawa hakulia wala kugombana. Alisema hatarudi kwenye nyumba ile hata akiachwa, akaendelea kukunja vitenge. Kwa hiyo wiki hiyo Kadija hakwenda kazini kabisa, na wiki iliyofuata pia, akitafuta mtu. Wasichana wawili walijaribu. Wa kwanza alitupiwa kikombe. Wa pili aliondoka kabla ya adhuhuri.

Aliyebaki ni Matia, askari magereza mstaafu kutoka kaskazini, mjane, aliyekaa nyumba ya nne kutoka kwao. Alikuwa akivuta mguu mmoja na hakuwa na la kufanya mchana kutwa. Kadija alimwomba kwa aibu. Matia aliingia chumba cha mbele, akasimama wima kadiri mguu ulivyomruhusu, akasema, “Afande, naripoti kazini.”

Mzee alimtazama kuanzia viatu kwenda juu.

“Magereza?”

“Magereza, afande.”

“Toka.”

Matia hakutoka. Alichukua ndoo akaenda kuteka maji. Walichukua mwezi mzima kuzoeana, na hata hapo hawakupendana. Waliamrishana tu, kila mmoja kwa cheo chake. Ila chakula kililiwa na mashuka yalifuliwa. Sehemu kubwa ya mshahara wa Kadija ilikwenda kwa Matia, na hakuweza kununua hata viatu mwaka ule.

Ikawa hivyo. Jumatatu jioni alifika Malukhu, Ijumaa mchana alirudi Walukuba. Kaseti zilitoka safi, mara mbili ya zamani, zikafika mpaka kambi ambazo Semei hakuwahi kuzitembelea. Kadija alijifunza kutia muziki chini ya maneno, na kutengeneza mazungumzo ya watu wawili kwa sauti yake moja. Akiwa mbele ya kompyuta aliweza kusahau saa nzima. Kisha alikumbuka, na kukumbuka kulimjia na hofu, akaondoa vifaa vya masikioni ghafla, kana kwamba mtu ameita. Ofisi ilikuwa kimya. Alipokuwa Jinja alihesabu siku za kwenda Mbale. Mbale alimsikia baba yake. Wahab aliendelea kuja alfajiri kumwogesha mzee, na akimkuta dada yake alisema salamu alaikum na hakuongeza neno.

Mzee Mutwalibu alifariki Jumatano moja mwezi wa Septemba mwaka 1999, saa tatu asubuhi, Matia akiwa uani anaanika mashuka. Simu ilipigwa ofisini mara tatu. Kadija alikuwa amevaa vifaa vya masikioni, anakata pumzi kwenye kipindi cha malaria, hakusikia. Semei aliinua simu mwenyewe, kisha akaja kumgusa begani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kadija alimwona uso, akajibu kwa sauti ile nyembamba, “Naam,” kabla hajajua anajibu nini.

Semei alimpeleka kwa gari la mradi. Walifika Walukuba baada ya alasiri, jeneza likiwa tayari limeinuliwa mabegani mwa wanaume na kundi linakata kona kuelekea makaburini. Alisimama barabarani. Hawa ndiye aliyetoka kati ya wanawake akaja kumshika, akamwingiza ndani, akamkalisha mkekani. Matia alikuwa amekaa nje peke yake. Alimwambia Kadija baadaye kwamba mzee aliita asubuhi ile, mara moja tu, na si kwa nguvu. Hakumwambia aliita jina gani, na Kadija hakuuliza.

Siku arobaini zilipokwisha, nyumba ya Walukuba ilikwenda kwa mtoto mkubwa wa Wahab, aliyekuwa anaoa. Hakuna aliyemfukuza Kadija, wala hakuna aliyemwambia abaki. Alihamia Mbale moja kwa moja, kwenye chumba kilekile cha Malukhu. Miezi ya kwanza aliamka kila Ijumaa akafunga mkoba, akakaa nao godoroni mpaka akakumbuka kwamba hakuna pa kwenda. Aliacha kuuhesabu huo kama uhuru. Ulikuwa kimya tu, na kazini aliendelea kuvua vifaa vya masikioni kila baada ya dakika chache, akisikiliza.

Mwezi wa Desemba Wahab alikuja. Alikuwa amepata gari la kutengeneza Mbale, akapita na sanduku la nguo za dada yake zilizobaki Jinja. Aliliweka kizingitini. Kadija akamkaribisha ndani, Wahab akakataa kwa kutikisa kichwa. Akaomba maji. Alikunywa akiwa amesimama, akitazama chumba juu ya bega la dada yake: godoro, sufuria, viatu vipya kando ya godoro.

“Ndio hapa,” alisema.

“Ndio hapa, kaka.”

Akamrudishia kikombe. “Hawa anakusalimu,” akasema, akashuka kwenda kwenye gari.